Tubandikieni Ramani ya Nyaya

Unaweza kumuuzia mtu nyumba ukampa funguo zote. Unaweza pia kumpa funguo za mlango ukabaki na siri ya ukuta. Matela ya kulala yanayouzwa Marekani, yale yanayovutwa na gari na kuegeshwa kambini au, kama letu, kwenye kiwanja cha kulipia kwa mwezi, huuzwa mara nyingi kwa njia hii ya pili. Unapewa jiko, kitanda, choo, tangi la maji, na runinga iliyozamishwa ukutani. Hupewi hata karatasi moja ya kukuonyesha waya unaoilisha runinga hiyo unatoka wapi, unapita wapi, na fyuzi yake ni ipi. Hoja yangu ni kwamba karatasi hiyo ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo sehemu ya nyumba. Anayeuza tela bila hiyo ameuza nyumba pungufu.

Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa mipango miji, kaskazini mwa Colorado, ninayelala ndani ya tela la mwaka 2004 pamoja na mwanafunzi mwenzangu kutoka Kisumu. Hatukulinunua kwa ajili ya kutalii. Kodi ya chumba mjini ingemeza karibu posho yetu yote, na tela lililotumika lilikuwa na bei ambayo watu wawili wangeweza kuchangia. Wamarekani huyaita magari haya magari ya burudani. Lakini nenda kwenye viwanja vyake uhesabu nani analala humo: wastaafu waliouza nyumba, vibarua wa ujenzi wanaofuata kazi mji hadi mji, familia zilizoshindwa kodi, na wanafunzi kama sisi. Kwa wengi wao burudani ilikwisha zamani. Hii ni nyumba.

Aliyechora tela letu hakufikiria hivyo. Alifikiria mtu wa likizo wa wikendi mbili kwa mwaka, akaamua kwamba mtu huyo akichoka kuangalia milima ataangalia runinga. Kwa hiyo akaijenga kati ya jiko na kitanda, ndani ya kabati lililokatwa kwa vipimo vyake. Ilikuwa ya kioo kizito cha zamani, ile yenye kisogo kirefu, na ilikalia nafasi ambayo ingetosha vitabu vyetu vya muhula mzima. Mbele ilizungushiwa fremu ya mbao iliyopigiliwa misumari. Skrubu ingekuwa na maana kwamba ipo siku mtu atafungua. Msumari ulisema kwamba hakuna atakayefungua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyepiga misumari ile hakuwa na mpango wa kulala humo.

Runinga yenyewe haikuonyesha chochote ila chenga. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani vilizima matangazo ya analojia tarehe 12 Juni 2009, nayo iliundwa kwa ajili ya analojia tu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hadithi hii. Dar es Salaam ilizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Wakenya wanaukumbuka mvutano wa ving'amuzi wa mwaka 2015. Ila kwetu runinga ilikaa juu ya meza, imetandikiwa kitambaa cha kufuma. Ilipopitwa na wakati, mwenye nacho aliinunulia king'amuzi, asiye nacho aliihamishia stoo, na meza ilibaki kuwa meza. Ndani ya tela, runinga na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Chombo kilikufa mwaka 2009 na kaburi lake likabaki sebuleni.

Sina ugomvi na runinga. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na waliokuwepo wakati huo wana maoni yao kuhusu nani alipaswa kuwaamulia watazame nini na lini. Ugomvi wangu ni huohuo wa nani anaamua. Mtu ambaye hutakutana naye amepanga jioni zako, akazipigilia misumari, kisha akaficha njia ya kuubadilisha mpango wake.

Sasa tuingie ukutani, maana hoja yangu inasimama kwenye nyaya.

Ndani ya tela moja mna mifumo miwili ya umeme. Wa kwanza ni wa volti 120, unaoingia kwa waya mnene kutoka nguzo ya kiwanjani, na ndio unaoendesha soketi, kiyoyozi na jiko la maikrowevu. Wa pili ni wa volti 12 kutoka kwenye betri, unaoendesha taa, pampu ya maji na feni ndogo. Katikati yake kuna kisanduku kinachopunguza umeme wa nje hadi kiwango cha betri, kikaichaji betri na kuwasha taa kwa wakati mmoja. Runinga ya kujengewa hukaa pale mifumo hii inapokutana. Nyuma ya yetu kulikuwa na nyaya za volti 120, nyaya za volti 12, na waya wa antena unaopanda hadi paani. Huo wa antena nao ulipitisha volti 12 kwenda kwenye kikuza mawimbi kilichoko juu, kikiwashwa na swichi ndogo ukutani ambayo mgeni angedhani ni ya taa.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Tatizo ni rangi. Katika nyumba za Marekani waya mweusi ndio laivu, mweupe ni nyutro, na wa kijani au wa shaba tupu ni ethi. Kwenye magari, mweusi kwa kawaida ni hasi, yaani ule usio na madhara. Kwenye upande wa volti 12 wa matela, mara nyingi mweupe ndio hasi, na mweusi unaweza kuwa chanya. Kwa hiyo katika tundu moja lenye upana wa kiganja, waya mweusi mmoja ulikuwa wa volti 12, ambazo ukizigusa kwa kidole kikavu huenda usihisi kitu, na waya mweusi wa pili ulikuwa wa volti 120, ambazo zinaweza kukuua. Hakuna kibandiko kilichotofautisha. Kitabu cha mwongozo tulichokikuta kwenye droo kilikuwa na kurasa nyingi za maonyo na masharti ya udhamini uliokwisha muda wake, bila mchoro hata mmoja wa nyaya.

Tulifanya kazi ile Jumamosi mbili. Kuitoa runinga, watu wawili, kulituchukua nusu saa. Muda wote uliobaki ulikuwa wa kutafuta. Tulichomoa waya wa nje, tukafungua kichwa hasi cha betri, tukatoa fyuzi zote, tukahakikisha kwa mita kwamba kila kilichoko tunduni kimekufa, ndipo tukatenganisha nyaya na kuzifunika ncha. Baada ya hapo tukarudisha betri na kupachika fyuzi moja baada ya nyingine. Mwenzangu alikuwa kwenye sanduku la fyuzi chini ya friji, mimi kwenye tundu la ukuta na mita mkononi.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, lakini feni ya choo imeanza kuzunguka."

"Na hapo?"

"Hapo napata 12. Ina maana runinga na feni ya choo zinakula fyuzi moja."

Nani angekisia? Mtu aliyeiunganisha alijua. Alijua pia msimamizi wake. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani ina sehemu nzima, ya 551, inayohusu magari ya aina hii, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba nyaya zilipita ovyo bila mtu kuzifikiria. Sehemu kubwa ya matela ya nchi hii huundwa katika kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana, kwa mistari ya uzalishaji ambayo kila mtu ana hatua yake. Huwezi kuendesha mstari wa namna hiyo bila kujua waya gani unaingia wapi. Maarifa hayo yalikuwepo siku tela lilipotoka kiwandani. Yaliachwa getini.

Hapo ndipo napinga jibu ambalo kila mtu hulitoa: muite fundi. Mama yangu alilitoa kabla ya wote, siku aliponiona kwenye simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho nini mkononi?"

"Bisibisi."

"Mwanangu, umekwenda Marekani kusomea ufundi?"

"Hapana mama, tunarekebisha nyumba."

"Huko hakuna mafundi?"

Mafundi wapo, tena wazuri. Wanatoza kwa saa, na saa za kwanza zote angezitumia kufanya kilekile tulichofanya sisi, yaani kutafuta kitu ambacho kiwanda kilikuwa tayari kinakijua. Kukosekana kwa mchoro hakumuondolei mwenye nyumba kazi ya kutafuta. Kunamlipisha. Kila tela la aina yetu lililobadilisha mmiliki limezaa msako mpya ukutani, wa swali ambalo lilijibiwa mwaka 2004.

Ila swali la mama lina upande wa pili, nao unatuhusu sisi tuliosoma. Sekondari tulichora saketi kwa rula na penseli: betri huku, taa kule, mshale wa mkondo. Tulipata alama. Kisha taa ya bwenini ilipoungua tulikaa gizani tukimngoja fundi. Tulifundishwa kuwa wati gawa kwa volti ni ampea, na hakuna aliyetuambia kwamba hesabu hiyo ni ya kukaa nyumbani. Nimeitumia sasa. Taa mbili za kusomea za wati 5 kila moja, kwenye volti 12, hazifiki ampea 1. Runinga ya wati 70 ikiendeshwa na betri ileile kupitia inveta itavuta takriban ampea 6 au zaidi. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 80 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 40 za kutumia. Gawanya mwenyewe: runinga itaimaliza kabla ya saa 7, taa zitakufikisha asubuhi na chaji itabaki. Hiyo ni tofauti kati ya kulala na pampu ya maji inayofanya kazi na kulala bila maji, pale umeme wa kiwanja unapokatika wakati wa theluji.

Ubishi wenye nguvu kuliko yote ni wa usalama. Wenye viwanda, na hata baadhi ya majirani zetu kiwanjani, husema hivi: mkiwapa watu mchoro watajiona mafundi, wataunganisha ovyo, matela yatawaka moto. Siudharau ubishi huu. Tela ni mbao nyembamba, plastiki na gesi ya kupikia. Likishika moto haliachi muda. Lakini tuangalie watu wanafanya nini hasa. Wenye matela hufungua kuta zao, wawe na mchoro au wasiwe nao, kwa sababu wanaishi humo na runinga iliyokufa haiondoki yenyewe. Ukiwanyima mchoro, hujawazuia kufungua. Umewafanya wafungue bila kuona. Mtu anayekutana na waya mweusi na hajui ni upi kati ya ile miwili, yuko hatarini zaidi ya mtu mwenye karatasi inayosema: huu ni wa 120, swichi yake namba fulani, zima kwanza.

Ubishi wa pili ni kwamba kiwandani mambo hubadilika. Leo waya unapita kushoto, kesho kulia, na mchoro wa jana utakuwa uongo. Katika fani yangu jambo hili lina jina. Jengo likimalizika, mkandarasi hukabidhi michoro ya jengo lilivyojengwa, ambayo huonyesha kilichofanyika kweli hata kama hakifanani na kilichopangwa. Hiyo ipo kwa sababu mipango hubadilika. Na tela tayari lina kibandiko kinachokuambia linaweza kubeba uzito gani na matairi yajazwe upepo kiasi gani. Kiwanda kinachoweza kubandika kilo kinaweza kubandika nyaya.

Ubishi wa tatu hutoka kwetu, na huja ukiwa umevaa sifa. Marafiki waliposikia habari za runinga walisema: ah, ninyi Waafrika, kwenu fundi wa mtaani hahitaji karatasi, anasikiliza redio kama daktari anavyosikiliza kifua. Sifa hiyo inanichosha. Mjomba wangu alikuwa fundi redio Morogoro, kwenye kibanda cha mabati, na moja ya vitu alivyonionyesha nikiwa mdogo ni upande wa ndani wa mfuniko wa redio kubwa ya mbao ya zamani. Pale palikuwa pamebandikwa karatasi iliyofifia yenye mistari na alama: mchoro wa saketi nzima. Redio na runinga nyingi za enzi zile zilikuja na karatasi hiyo. "Mjomba," aliniambia, "hawa walioandika hapa walijua kwamba iko siku itaharibika, na walijua atakayeitengeneza si wao." Karatasi zilipoacha kubandikwa, aliendelea kutengeneza kwa kukisia, na kukisia kulimgharimu vipuri, muda na wateja. Tunachokisifu kama kipaji cha mafundi wetu, kwa sehemu kubwa, ni kodi waliyolipishwa na watu walioacha kubandika karatasi.

Kwa hiyo sidai kitu kigeni. Nadai kirudishwe kilichokuwepo. Wamarekani wenyewe wameanza kukidai vipande vipande. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha haki ya kutengeneza magari mwaka 2012. Hapa Colorado sheria ya mwaka 2022 ilihusu viti vya magurudumu vya umeme, na ya mwaka 2023 ikahusu zana za kilimo, ili mkulima asingoje siku nyingi trekta lake lifunguliwe na mtu mmoja aliyeruhusiwa. Sheria hizo zinadai vipuri, zana na nyaraka. Mimi nadai karatasi moja tu, ya plastiki ikiwezekana, ndani ya mlango wa kabati: kila waya, rangi yake, njia yake, fyuzi yake. Pamoja na hiyo, chombo chochote kinachozeeka upesi kuliko nyumba kisipigiliwe misumari ndani ya nyumba. Runinga za siku hizi zina matundu ya skrubu nyuma yaliyopangwa kwa vipimo vinavyojulikana, milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100 kwa zile ndogo. Zifungwe kwa skrubu, ziunganishwe kwa plagi, ziondolewe na mtu yeyote mwenye bisibisi na akili timamu.

Runinga yetu hatukuifungua tumboni. Kioo cha aina ile huweza kuhifadhi chaji ya maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na ndani yake kuna risasi. Colorado imekataza kuzitupa jalalani tangu tarehe 1 Julai 2013, kwa hiyo tuliipeleka kituo cha kukusanyia, tukalipa ada, tukapewa risiti. Hilo nalo mchoraji wa tela hakulilipia. Waya wa volti 120 sasa unaishia kwenye kisanduku chenye mfuniko, kama inavyotakiwa kwa kila waya wa aina hiyo ulioishia ukutani. Wa volti 12, kupitia fyuzi yake yenyewe, unalisha taa mbili za kusomea na soketi ya kuchajia simu. Wa antena umeviringishwa na kuandikwa jina, na swichi yake imezimwa. Palipokuwa na runinga pana rafu tatu.

Msomaji, huenda hutalala kamwe ndani ya tela. Lakini huenda uko kwenye foleni ya kujenga, Kibaha au Kitengela, na siku si nyingi fundi atazika mabomba ya nyaya ukutani na mwingine atapaka plasta juu yake. Nenda siku moja kabla ya plasta. Piga picha kila ukuta, ukiwa umeshikilia futi ya kupimia ionekane. Mwambie fundi akuchoree, na umlipe kwa mchoro huo, maana ni kazi. Kama unasoma uhandisi, usanifu au mipango kama mimi, usikubali kukabidhi jengo lisilo na karatasi hiyo, hata mteja asipoiuliza. Na ukinunua chochote kilichojengewa ukutani, kabla hujatoa pesa, uliza mchoro uko wapi. Muuzaji akicheka, punguza bei.

Wa kwetu tuliuchora kwa mkono, kwa kalamu za rangi nne, kwenye karatasi kubwa iliyokunjwa mara moja. Una tarehe, una namba za fyuzi, na una mstari unaosema feni ya choo inakaa wapi. Umebandikwa ndani ya mlango wa kabati lililo juu ya sinki, na tutakapouza tela, utakwenda nalo.